Mume Wangu na Wavu Usio Wake

Mume wangu hakuvua Jumapili. Wavuvi wengine wa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi huku Uganda, walirudi kutoka ziwani mitumbwi imejaa ngege, wake zao wakakaanga, harufu ikatufikia mpaka kanisani, na yeye yuko benchi la mbele anaimba sauti ya chini. Nikilalamika, alinijibu kwamba Mungu aliyetuvusha salama kutoka Kivu Kusini hashindwi na chakula cha siku moja. Nilimwambia Mungu hana watoto sita. Alicheka. Hapo ndipo aliponichosha zaidi, maana hugombani na mtu anayecheka.

Sisi ni Wamennonite. Tumefundishwa tusishike silaha, tusiape, ndiyo yetu iwe ndiyo na siyo yetu iwe siyo. Wengi wetu tulijua namna ya kuishi na mafundisho hayo bila kuumia. Yeye hakujua.

Jirani yetu, mvuvi pia, mtu wa kwetu, alitumia nyavu za matundu madogo zinazozoa hata vifaranga vya samaki. Serikali ilizikataza. Asubuhi moja maofisa wa uvuvi walishuka ufukoni. Jirani alipowaona mbali, aliutupa wavu wake ndani ya mtumbwi wa mume wangu, akatokomea kwenye matete. Mume wangu alikuwa palepale anashona wake. Aliona yote.

"Mzee, hii neti ni yako?" ofisa akamwuliza.

"Hapana, afande."

"Ni ya nani? Hujui?"

"Minajua."

"Basi sema."

"Sitasema, afande. Mwenyewe atasema."

Mwenyewe hakusema. Mume wangu akapakiwa kwenye gari, akapelekwa kituo cha polisi mjini Mbarara.

Mimi nilikuwa shambani napalilia maharage. Habari iliponifikia, nilikwenda moja kwa moja kwa jirani na jembe langu mkononi. Nilimkuta anakula ugali.

"Shemeji," nikamwambia, "mwenzako amefungwa sababu yako."

"Minaogopa, mama," akasema, macho kwenye sahani. Mke wake, mwenye mimba kubwa, alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia yote.

Niliwaachia dada yangu watoto, nikaenda Mbarara. Mama mmoja wa kanisa letu alinipokea kwake, mtaa wa Ruti, na kila asubuhi nilipeleka chakula kituoni. Polisi wa zamu alikuwa mtu mpole, na uso wake ulionyesha kwamba na yeye amechoka na mume wangu.

"Mama, huyu mzee wako anatusumbua," akaniambia. "Ataje jina moja tu, anaenda nyumbani. Ama aseme hajui, mimi naandika hajui."

Wakamleta. Nilimsihi.

"Sema haujui. Ni neno moja tu."

"Lakini minajua."

"Yule bwana iko kwake anakula."

"Bibi yake iko na mimba. Bakimufunga, nani atamusaidia?"

"Na mie? Nani ananisaidia?"

"We uko na nguvu," akasema, kama mtu anayenipa zawadi.

Nilinyanyuka na bakuli langu, nikatoka, nikakaa kwenye benchi la nje nikakila chakula chake chote. Polisi aliniangalia, akageuza uso.

Kilichomtoa si maombi yake wala hasira yangu. Siku chache baadaye nilimwona yule mama mja mzito anaingia kituoni, miguu imevimba, amemshika mume wake mkono wa shati. Alikuwa amemwambia kwamba hazai mtoto katika nyumba ile kama hali ni hiyo. Jirani akaeleza kila kitu huku ameinamisha kichwa. Wakambakiza, akaja kuhukumiwa kufyeka majani ya serikali huko huko Mbarara kwa miezi kadhaa.

Mume wangu alipofunguliwa, alinipita mimi niliyesimama na kitambaa cha kumfuta jasho, akaenda kwanza kwa jirani. Akavua koti lake akampa. "Ku fasi ya kulala kuko baridi mingi," akamwambia.

Basi mume wangu akavua samaki wa nyumba mbili, yetu na ya jirani, na mbebaji wa samaki wa nyumba ya pili nilikuwa mimi. Mtoto wa jirani alipokuja ghafla, mvua inanyesha na kliniki iko mbali, mikono iliyompokea ilikuwa yangu. Nilimwosha nikiwa bado nimekasirika. Alikuwa msichana mzuri, mwenye nywele nyingi.

Baadaye nilimwuliza mume wangu kama jirani asingekuja, angebaki kule.

"Minafikiri ndiyo."

"Na batoto?"

"Ningeomba."

Nilimpa mgongo mpaka chai ya asubuhi.

Alikufa kwa homa, kabla mkubwa wetu hajaoa. Wageni walijaa uani, wengine kutoka kijiji cha Misiera, wengine hata sikuwajua, wakanishika mikono wakisema nilibahatika kuishi na mtu mtakatifu vile. Niliwaitikia kwamba ni kweli, nikawamiminia chai. Nilimlilia sana. Lakini kila aliyesema lazima alikuwa mtu rahisi kuishi naye, nilimpa kikombe kisicho na sukari.