Ulimi wa Mama Mdogo

Mwaka mmoja baada ya kumzika mama, nilichukua likizo kazini Dodoma nikaenda Sumbawanga kwa ajili ya misa ya kumbukumbu. Ilikuwa Julai. Aliyezoea jua la Dodoma akishuka stendi ya Sumbawanga asubuhi ya Julai bila sweta, anajuta. Mimi nilishuka na sweta mbili, moja juu ya nyingine, na bado meno yaligongana.

Mama mdogo alikuwa amefika kabla yangu. Alipanda basi kutoka Milepa, kule bondeni anakoishi na binti yake, akafikia katika nyumba ya mama. Nilimkuta jikoni anachochea moto kama mwenye nyumba.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Huko Dodoma hawali?"

Si ndugu yetu wa damu. Alikuwa mwenzake mama katika kazi ya kupika pombe ya ulezi, na kwa jinsi walivyoishi hakuna mtu aliyewahi kunieleza kwamba si wa tumbo moja. Nilikuja kujua nikiwa darasa la sita, na hata nilipojua sikuona tofauti.

Misa ilikwisha saa nne na nusu. Tulipotoka kanisani, nikamwambia nataka kumpeleka mahali tukale. Akaniambia nyumbani kuna maharage. Nikasema maharage yatatusubiri.

Sikumwambia tunakwenda wapi. Nilikuwa nimesikia kutoka kwa dereva wa bodaboda kwamba lile jengo la zamani la kupikia pombe limegeuzwa mgahawa, na kwamba humo ndani wanapika tena pombe. Sikuamini. Mara ya mwisho nililiona likiwa ghala la mbolea, mlango umefungwa kwa mnyororo.

Ni jengo refu la matofali ya kuchoma, lililojengwa enzi za mkoloni. Zamani hakuna mwanamke aliyeruhusiwa kupika pombe ya kuuza nyumbani kwake mjini. Wote walikwenda kupikia pale, kila kikundi na jiko lake na siku zake. Ndani kulikuwa na meko manane yaliyojengwa ukutani. Mama na mama mdogo walikuwa na la tatu kutoka mlangoni. Nikitoka shule nilipitia pale, nakaa juu ya gunia la ulezi, nafanya hesabu zangu huku macho yananiwasha kwa moshi. Sare yangu ilinuka moshi na kimea, ule ulezi uliooteshwa, Jumatatu hadi Ijumaa. Wenzangu walinicheka, halafu jioni baba zao walikuja kunywa pombe ya mama. Walikuwa wakiuliza mlangoni, "Leo zamu ya nani?" Wakisikia ni ya mama, wanaingia. Wakisikia ni ya mwingine, wengine waligeuka wakaenda zao.

Tulipokata kona mama mdogo akasimama. Mlango ulikuwa umepakwa rangi ya kijani, na nje kulikuwa na meza zenye vitambaa.

"Hapa?" akauliza.

"Hapa."

Akajifunga kanga yake upya, akaingia mbele yangu.

Walikuwa wameyaacha meko. Wameyasafisha masizi, lakini wameyaacha yote manane, na kati yake wamepanga meza. Mwisho wa jengo, nyuma ya kioo, kulikuwa na matangi marefu ya chuma yanayong'aa. Mama mdogo hakuyatazama. Alikwenda moja kwa moja hadi jiko la tatu, akapitisha kiganja kwenye ukingo wake, akatikisa kichwa na kusema kitu kwa Kifipa ambacho kwa Kiswahili ningesema, "Kumbe mlikuwa hamjafa." Kisha akavuta kiti akakaa hapohapo.

Mwenye mgahawa mwenyewe ndiye aliyekuja kutuhudumia. Msichana wa miaka kama thelathini, mrefu, mchangamfu. Alituambia wazazi wake ni wafugaji, walihamia Rukwa na ng'ombe wao kutoka Shinyanga yeye akiwa mgongoni, na kwamba alisomea mambo ya vyakula chuoni Morogoro. Tukaagiza ugali wa ulezi na migebuka, samaki wa ziwani kutoka Kasanga. Akauliza kama tungependa kuonja pombe ya hapa.

"Lete," mama mdogo akasema.

Ikaja kwenye glasi ndefu, rangi ya kahawia, povu juu. Mama mdogo akainusa, akanywa kidogo, akaiacha mdomoni kwa muda, akameza. Akanywa tena. Msichana alikuwa amesimama na trei, anamwangalia.

"Ni safi," mama mdogo akasema. "Imechacha vizuri. Lakini nyepesi. Kimea chake mmekikausha kabla hakijafika."

Msichana akaweka trei mezani. "Bibi, ulijuaje?"

"Ulimi, mjukuu wangu."

Hapo nikaingilia kwa fahari. Nikamwambia yule msichana kwamba huyu na mama yangu walipika kwenye jiko hilihili miaka mingi, na kwamba mama angekuwepo, angeonja mara moja tu akajua kosa liko wapi.

Mama mdogo akacheka hadi akashika kifua. "Mama yako? Angejuaje? Mama yako hakuwahi kumeza pombe maishani mwake."

Nilidhani ni utani. Nikamwambia nimemwona kwa macho yangu, mara nyingi, akichota kwa kata na kuipeleka mdomoni.

"Ulimwona akiipeleka mdomoni," akasema. "Baada ya hapo kata ilikwenda wapi?"

Hapo nikaiona tena akilini. Mama anachota, ananusa, anagusisha mdomo, anatulia kidogo kama anayefikiri. Halafu anamkabidhi mama mdogo kata, bado imejaa. Mama mdogo anakunywa na kusema neno moja au mawili. Nilikuwa nimeliona jambo hilo utoto wangu wote.

Msichana alikuwa bado amesimama. Mama mdogo akamwambia akae, naye akavuta kiti.

"Babu yako mzaa mama," mama mdogo akaniambia, "alitoka kunywa siku ya baridi kama ya leo. Hakufika nyumbani. Walimkuta asubuhi kwenye mtaro. Mama yako alikuwa binti mdogo, hajapata hata kipaimara. Akamwapia bibi yako kwamba pombe haitapita kooni mwake. Na haikupita."

"Sasa kwa nini alipika?"

"Tulikuwa na ulezi. Baba yako alikuwa amekufa, mume wangu alikuwa amekwenda Zambia kupitia Kasesya akapotelea huko. Ungetaka tupike nini?"

Nikamuuliza kwa nini hawakuniambia. Akasema hawakumwambia mtu yeyote. Nani angenunua pombe ya mpishi asiyeionja? Kwa hiyo waligawana. Kimea na moto vilikuwa vya mama. Ulimi ulikuwa wake. Mama aliweka sikio kwenye pipa akasikiliza jinsi pombe inavyochemka yenyewe, akasema imebakiza siku moja. Mama mdogo akaonja, akasema ndiyo, au akasema hapana.

"Watu walisema pombe ya mama yako," akasema, "nami sikuumia. Lakini leo nimeona nikuambie. Nikifa na siri hii nitakuwa nimemwibia sifa ya kutunza kiapo chake."

Msichana akainuka akatuletea migebuka. Sikumbuki ladha yake. Nilikuwa nalia, si kwa nguvu, machozi tu yanashuka, na mama mdogo akaniachia nilie, akawa ananitolea miba ya samaki pembeni ya sahani kama nilipokuwa mtoto.

Tulipomaliza kula, msichana akarudi. Akauliza kwa heshima kama bibi angemfundisha jinsi ya kukifikisha kimea. Yeye alifuata vipimo vya chuoni: kuloweka, siku mbili za kuotesha, halafu kukausha.

Mama mdogo akatazama mikono yake. "Mimi nitakuambia kama ni kizuri au kibaya. Jinsi ya kukifanya ndiyo sijui. Hayo yalikuwa ya marehemu."

Sikupanga kusema chochote, lakini nikasema. "Mimi najua."

Nilijua, kwa sababu kimea mama alikioteshea nyumbani, chini ya meza ya jikoni, na kila asubuhi kabla ya shule kazi yangu ilikuwa kukinyunyizia maji ya uvuguvugu. Siku mbili zinatosha kwenye nchi ya joto. Huku Ufipa, kwenye baridi ya mwezi wa saba, siku mbili si kitu. Mama alikifunika kwa magunia mawili, akakisogeza karibu na moto, akakipa siku nne, hata tano. Alingoja chipukizi liwe refu kama ukucha wa kidole cha mwisho, na mizizi iwe imeshikana kiasi kwamba ukiinua konzi moja, kinanyanyuka kipande kizima kama mkeka.

Nilipiga simu kazini nikaomba nyongeza ya wiki moja. Msichana alituletea debe la ulezi, tukaloweka katika nyumba ya mama. Nilikuwa naamka alfajiri kukinyunyizia maji, na mama mdogo alikuwa ananipigia kelele kutoka kitandani, "Usikizamishe! Siyo mpunga!" Siku ya tano nikaingiza mkono chini ya gunia, kukawa na joto kama la mtoto mwenye homa. Nikainua konzi. Kikanyanyuka kama mkeka. Nilikaa sakafuni nikakishika muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Tulikianika siku mbili, kikasagwa, kikaingia kwenye matangi. Sikuwepo pombe ilipoiva, likizo ilikuwa imekwisha. Mama mdogo alibaki. Alinipigia simu kuniambia kwamba ya kwanza ilikuwa kali mno, wakamwaga. Yule msichana alikuwa ameiacha siku moja zaidi kwa kuogopa kukosea. Nilisikitika kana kwamba ni mimi niliyemwaga. Wakarudia.

Ya pili niliionja mimi mwenyewe, mwezi wa kumi, niliporudi kutafuta mnunuzi wa nyumba ya mama. Kwenye jiko la tatu, glasi mbili, yangu na ya mama mdogo. Ilikuwa nzito, ina utamu wa mbali unaochelewa kufika, halafu uchungu kidogo. Nikafikiri juu ya mama, ambaye aliijua harufu yake na sauti yake miaka yote ile, na ladha hii hakuijua. Nilimwonea huruma, kisha nikaona kwamba hakuwahi kulalamika, hivyo huruma hiyo ilikuwa yangu, si yake.

Msichana alitaka kuandika kwenye ubao wa nje jina la pombe hiyo, na akapendekeza liwe la mama. Mama mdogo akakataa. Akamwambia aandike tu kwamba leo ipo.

Nyumba sikuiuza. Mama mdogo anakaa humo sasa miezi mingi ya mwaka, akisema Milepa joto linamsumbua, jambo ambalo halikuwahi kumsumbua miaka yote aliyoishi huko. Kila Alhamisi anakwenda kuonja. Juzi alinipigia akiwa anarudi.

"Imetokaje?" nikamuuliza.

"Nimekunywa glasi mbili na ninatembea vizuri," akasema. "Sasa acha nikate simu, hapa kuna matope."