Dereva Aliyesikia Nyuki

Jua la Jeddah halijaanza ukali wake na Jeremiah Kilonzi tayari yuko kwenye ubishi. Amekunja kiti cha magurudumu, amekisukumiza kwenye buti, na sasa Jumana, binti wa bosi wake mwenye miaka kumi, anamwambia amekiweka vibaya.

"Yalla, Jeri! Kitakwaruzika!"

"Hiki kiti nimekibeba zaidi kuliko nilivyobeba watoto wangu," dereva huyu kutoka Mwingi, Kenya, anajibu akicheka. Anakitoa, anakipanga upya. Kwenye nyumba hii bosi hasa ni huyu mdogo.

Leo wanakwenda shuleni. Lakini Mei mwaka huu wa 2013 Jumana, ambaye miguu yake ilipooza baada ya kuumia mgongo ajalini, aligoma kabisa kuingia kwenye gari.

Ilikuwa wiki ile habari zilipoenea kwamba wanasayansi Marekani wamechukua seli ya ngozi ya mtu, wakaitia kwenye yai lililoondolewa kiini chake. Yai likakua kuwa kiinitete cha siku chache, na humo wakapata seli shina, zile zinazoweza kugeuka kuwa seli za kiungo chochote. Baba yake Jumana hakungoja. Aliomba miadi kwa daktari wa Riyadh siku hiyo hiyo.

Katika mazungumzo ya wazazi, Jumana alinasa neno moja tu: nakala.

"Watatoa mwingine kama mimi, anayetembea," alimnong'oneza Jeremiah. "Halafu mimi halas, nimekwisha."

Jeremiah naye alikuwa amenasa neno lake: khalaya. Kiarabu chake amekiokota madukani, na kwa muuza asali wa mtaa wa Al-Hindawiyah, khalaya ni mizinga. Mtoto wa mfuga nyuki kama yeye angeelewa nini kingine?

"Nikamwambia, mafi nakala, hakuna nakala, mami, hawa wanakupeleka kutibiwa na nyuki tu," anasimulia. "Watakuuma kidogo, utalia, tutarudi. Na nilikuwa very sure, bana!"

Nyuki Jumana aliwaweza. Aliingia garini, na njia nzima hadi Riyadh akawa anauliza habari za mizinga ya Mwingi.

Daktari aliposikia kisa hicho alicheka hadi akavua miwani. Akaeleza kwamba kwa Kiarabu mzinga na seli ni neno moja. Kisha akasema lililo zito: seli hizo bado ni za maabara, na tiba ya mgongo wa Jumana haipo. Wala hakuna anayetoa nakala ya msichana. Kinachonakiliwa ni seli, ndani ya kisahani.

Jumana hakumtazama daktari. Alimtazama baba yake.

"Na kama wangeweza?"

Jeremiah, aliyekuwa ameshika kiti kwa nyuma, anasimulia. "Baba alipiga magoti pale chini na kanzu yake nyeupe. Akamwambia, 'Huyo mwingine hangejua kunigombeza. Mimi nakutaka wewe.' Nilitoka nje. Nililia kama mtoto."

Kusema kweli, hata mwandishi wa habari hizi alitafuta leso.

Mkataba wa Jeremiah unaisha mwakani. Atarudi Mwingi kutundika mizinga yake mwenyewe kwenye shamba la babake, na Jumana ameshaagiza mzinga wake, wenye jina lake ubavuni.

"Nilimuuliza kama nimtundikie miwili," Jeremiah anasema, akifunga buti taratibu, kwa kuwa anachungwa na Jumana dirishani. "Akasema mafi. Jumana ni mmoja."