Asali Juu ya Trei ya Nyaya

Sikuwahi kuvumilia kitu chochote kuwekwa juu ya trei ya nyaya. Trei ile ya chuma yenye matundu, ya kulaza nyaya za umeme, niliitundika mwenyewe chini ya paa la karakana ya reli pale Tabora, enzi za Mwingereza. Kila ncha niliipiga tupa isije ikachuna mpira wa waya, na kila kishikizo nilikipima kwa kamba ili trei isilegee katikati. Asubuhi moja ya kipupwe nikakuta kibuyu cha asali kimeegeshwa juu yake. Damu ikanichemka.

Mwenye kibuyu nilimjua. Alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, seremala aliyeranda mbao chini ya trei hiyo hiyo.

"Shemeji, hii ni trei ya umeme, siyo uchaga wa mama yako!"

"Punguza ukali, shemeji. Baridi hii asali inaganda yote. Hapo juu inakaa laini."

Laini kwa nini? Hasira ikaniisha palepale. Nilipokagua nikaona kumbe ameweka vibuyu viwili: cha karibu na mlango kilikuwa kimeganda, cha juu ya benchi lake kinamiminika. Trei moja, baridi moja. Nikaleta ngazi, nikapapasa nyaya kuanzia mlangoni. Huko zilikuwa zimelala moja moja, baridi kama ukuta. Juu ya benchi, mkono haukukaa kwa joto. Hapo ndipo nyaya za mashine mpya zilipoongezwa, zikarundikana hata hewa haipiti. Niliogopa kweli. Mpira ungeyeyuka, moto ungeangukia maranda makavu, na shemeji yangu yumo katikati.

Na kesho yake waya wa msumeno mpya ulitakiwa upite hapo hapo. Nilikataa. Msimamizi wetu, mtu wa pwani, akacheka.

"Mzigo mzito mpe Mnyamwezi!"

"Mnyamwezi naye hutua mzigo, bwana. Babu yangu alipita hapa na misafara ya Ujiji, na kila kambi alitua. Panda uguse."

Alipanda, akashika, akautoa mkono upesi. Hakutania tena, aliagiza trei ya pili.

Tuliitundika mbali kidogo na ile ya kwanza. Nyaya tukazitandaza, kila moja na nafasi yake, za simu tukazitenga, na trei zote mbili tukaziunga na waya wa ardhini, wa kupeleka udongoni umeme ukivuja. Mimi nilikuwa napanda ngazi kila mara kupapasa, hata nisipotumwa.

Siku chache baadaye shemeji akanijia na kibuyu chake cha juu ya benchi, akakigeuza juu chini mbele ya macho yangu. Halikutoka hata tone.

"Umeniharibia jiko langu," akanung'unika, akarudi kwenye benchi lake kuranda.

Sijapata kufurahia lawama namna ile.