Dakika nne za sauti ya baba zimekatwa kwenye seva niliyoifunga mwenyewe

Admin, nifichie jina na usiitaje redio yetu, maana huku Karagwe watu wanajuana hadi kwa kikohozi. Mimi ni mwanamke wa miaka 33, mama wa watoto wawili, fundi mitambo kwenye kituo kidogo cha redio. Mume wangu ni mtangazaji hapohapo. Naandika haya nikiwa nimejifungia stoo ya studio, mlango nimeuwekea kiti.

Baba yangu alifariki mwaka jana kule Ihanda. Alikuwa mzee wa migomba na kahawa, karatasi hakuziamini hata kidogo. Tukimsihi aandike wosia anacheka: "Wosia wa nini tena? Nimeshasema redioni, maneno yangu yapo pale." Ni kweli alihojiwa kwenye kipindi chetu cha wazee, na aliniambia kwa kinywa chake kuwa humo ametamka kibanja cha chini, lile shamba lenye kahawa, ni changu. Wazee wengi wa huku wanaamini hivyo, kwamba jambo likishasemwa redioni limepigwa muhuri. Mimi fundi ndiye niliyepaswa kumkatalia. Badala yake nilijivuna.

Wakati huo sauti zetu zilikuwa zimezagaa kwenye flashi na kompyuta moja mbovu. Nikapewa kazi ya kufunga seva mbili za kuhifadhia, moja hapa kituoni, nyingine ofisi yetu ndogo ya Rubwera. Nikaipanga ile ya Rubwera iige ya hapa kila saa, nikajiona mjanja kweli. Flashi zote nikazifuta ili zitumike upya.

Sasa kaka yangu mkubwa, mtoto wa mke wa kwanza wa baba, amepanda mimea ya mpaka kuzunguka kibanja changu. Anasema mtoto wa kike harithi ardhi ya ukoo, na kwamba baba hakusema lolote. Nikamjibu kwa kiburi, "Kaka, subiri kikao cha ukoo. Utamsikia baba mwenyewe."

Nikaenda kufungua faili. Baba anaanza vizuri, anakohoa, anasifia ndizi zake, halafu sauti inaruka. Dakika nne hazipo. Nikapiga simu Rubwera wanifungulie ya kule, nayo hivyohivyo. Seva yangu ya akiba ilikuwa imeiga hadi mkato. Nililia kwa hasira ya ujinga wangu.

Nilipotulia nikaangalia seva imeandika nini. Faili lilikatwa Jumapili saa nne asubuhi, kwa jina langu na neno langu la siri. Saa hiyo nilikuwa kanisani nimepakata mtoto. Neno hilo analijua mtu mmoja tu zaidi yangu, mume wangu, na Jumapili ile alikuwa zamu.

Sikumuuliza. Nikaanza kumchunguza. Simu ya kaka ikiingia anatoka nayo hadi migombani. Nikitaja kikao anaanza kutafuta chaja. Chakula changu, ambacho miaka yote anakula kimya, siku hizi anakisifia hadi nakosa hamu. Nikakumbuka pia kuwa ni yeye aliyeandaa sauti ya baba ya kupigwa siku ya mazishi, akaisikiliza yote peke yake, na akatoka studio macho mekundu. Nilidhani ni majonzi.

Wiki iliyopita nikapanda bodaboda hadi Kihanga kwa mama mmoja, mtangazaji wetu wa zamani aliyemhoji baba. Ameshastaafu, analima maharage yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kwa ajili ya ile kadi, eti?"

Nikashtuka. Nilikuwa sijasema kitu. Akaniambia, "Mumeo alikuja kuiulizia kabla yako. Nikamwambia imepotea. Sikupenda alivyokuwa akiangalia dirishani." Akaingia ndani, akatoka na kopo la majani ya chai limejaa kadi za kinasa sauti, kila moja imefungwa kwenye karatasi yenye jina la mzee. "Mitambo yenu mimi siiamini," akasema. Kisha akanishika mkono. "Umejiandaa kusikiliza?"

Nilisikilizia palepale, kwenye benchi lake. Baba anasema kwa Kinyambo, taratibu: haya msiyarushe hewani, yatunzeni. Kibanja cha chini ni cha binti yangu. Mama yake alikuja kwangu akiwa tayari na mimba yake, ya mtu mwingine. Wanangu wa kiume hawajui. Nimemlea, ni wangu, asije mtu akamfukuza.

Ndugu zangu, nimerudi nyumbani sijui hata nilishukaje kwenye pikipiki. Kikao ni Jumamosi. Nikiipiga kadi hii, ukoo utasikia nimepewa kibanja na papo hapo utasikia kuwa mimi si damu yao, na mama yangu, mzee wa miaka sabini, atakuwa amekaa palepale kwenye mkeka. Nisipoipiga, kaka anachukua kahawa ambayo baba aliipalilia kwa ajili yangu.

Na mume wangu je? Alikata ili nisiumie, au ili kaka ashinde? Mbona anaongea naye kwa siri? Mbona aliifuata kadi hadi Kihanga? Jana mezani kaniambia bila kuniangalia, "Mama watoto, achana na hiyo sauti. Kibanja tutanunua kingine." Nikamjibu sawa. Kadi nimeificha ndani ya mfuko wa unga wa muhogo, na tangu hapo napika ugali wake kila siku nipate kuipapasa kama bado ipo.

Msiniambie nikamuulize mama. Leo nimemkuta anaanika kahawa, akaniita mwanangu, njoo ukae. Nikakaa, nikamsaidia kuchambua, kisha nikaaga bila kumuuliza. Nishaurini tafadhali, Jumamosi niingie na kadi au niingie mikono mitupu? Siku zimebaki tatu, na mume wangu ameanza kuniuliza kwa nini kila siku tunakula ugali wa muhogo.