Ukurasa wa Watoto katika Programu ya Baba

Printa yangu inakaa juu ya kabati la vyombo, nyumbani Matisi, hapa Kitale, na anayetaka kuicheka aje aicheke mbele yangu. Ni ile ya kujazwa wino wa chupa. Nilianza nayo kwa kuchapa nyimbo za kwaya na lebo za madaftari ya watoto. Majirani wakajua, na siku hizi haipiti wiki bila mtu kubisha, "Sister, nitolee hii barua haraka." Sikusomea kazi hiyo popote. Niliijua kwa kuharibu karatasi.

Baba alipofariki, mwili ulingoja mochari Bungoma na sisi tukangoja programu. Kwetu programu ya mazishi si karatasi ya kujikinga jua. Ukitaka kujua nani ni nani katika boma, unafungua ukurasa wa watoto. Msomaji akitaja jina, mwenye jina anasimama, watu wote wamwone. Usiposimama siku hiyo, baadaye usishangae ukiulizwa wewe ni wa wapi.

Baba alikuwa na wake wawili, na mama yangu ndiye wa pili. Jumatano, kaka yetu mkubwa wa nyumba ya kwanza alituma programu kwenye grupu la familia, faili ikiitwa "Final". Muda si muda ikaja "Final 2", halafu "Final kabisa". Nikafungua zote tatu. Watoto wa nyumba yao walikuwa wameandikwa mmoja mmoja, na kazi zao, na vyeo vyao vya kanisani. Kidogo tu ng'ombe wao nao watajwe. Chini kabisa: "na watoto wengine wa nyumba ya pili."

Wengine! Damu ilinichemka. Nikampigia papo hapo.

"Kaka, sisi ni wengine gani?"

"Si nafasi imeisha, bana. Ukurasa umejaa."

"Basi nitachapa mimi."

"Ati wewe? Na hako kamashine kako?"

"Na haka kamashine kangu."

Akasema sawa. Lakini Ijumaa saa sita mchana programu zisipokuwa zimefika Sirisia, nyumbani kwa Baba, yeye atachapa zake mjini, na hiyo "Final kabisa" ndiyo itakayosomwa kaburini. Nikamwambia asijisumbue kutafuta cyber ya kuchapia.

Nilianza na picha ya Baba. Ile ya kwenye grupu ilikuwa imebanwa na simu mpaka uso wake umevurugika kama uji uliomwagika. Nikamtaka kaka anitumie ile yenyewe, kama dokumenti, si kama picha, maana ikitumwa kama picha simu inaipunguza. Alinung'unika, lakini alituma, na Baba akarudi na makunyanzi yake yote. Faili nayo nikaiita kwa siku na saa. Neno "final" ni uongo mtupu. Sijawahi kuona faili ya "final" iliyokuwa ya mwisho. Kisha nikaigeuza kuwa PDF, ili herufi zisihamehame ikifunguliwa kwenye mashine nyingine.

Karatasi sikuifungua mapema. Kitale ikinyesha, karatasi iliyo wazi hunywa unyevu kama chumvi, na ikishanywa, printa inaimeza mbilimbili halafu inakwama. Na kabla ya kugeuza ili kuchapa upande wa pili, naweka alama ya penseli kwenye kona, nijue juu ni wapi. Nilijifunza hilo baada ya kwaya nzima kupewa nyimbo zilizosimama kichwa chini.

Alhamisi asubuhi nikatoa nakala moja tu. Hiyo ndiyo sheria yangu: moja kwanza, halafu unaisoma kwa sauti. Macho hurukaruka, masikio hayaruki. Na niliyetaka asikilize ni Mama. Yeye alikuwa nyumbani Sirisia na waombolezaji, na simu yake ni kabambe, ile ndogo ya vibonyezo, haifungui faili ya mtu yeyote. Katika zile "final" zote, hakuna aliyekuwa amemuuliza neno. Nikampigia, nikasoma neno kwa neno. Nilipofika ukurasa wa watoto nikapandisha sauti. Nikajisoma mimi wa kwanza, mwalimu, mweka hazina wa kwaya, katibu wa chama cha akina mama, kisha wadogo zangu watatu.

Nikageuza ukurasa niendelee.

"Umesahau mmoja," Mama akasema.

"Nani tena, Mama? Si tuko wanne?"

"Mko watano. Yule wa kwanza."

Nilikaa chini. Kabla yangu Mama alizaa mvulana, akaishi wiki tatu. Nilijua, kama unavyojua jambo ambalo halizungumzwi nyumbani. Tangu jana nilikuwa nikiunguruma kwa sababu ya neno "wengine", na mimi kaka yangu hata hilo "wengine" sikumpa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Alikuwa na jina?"

"Mtoto wa mtu atakosaje jina? Baba yako ndiye alimpa." Akalitaja. Sikuwa nimewahi kulisikia.

Nikaliandika juu ya langu, na "marehemu" mbele yake. Basi maneno yakasukumana, na sala ya mwisho ikamwagikia ukurasa wa tisa. Kijitabu cha kukunja kinataka kurasa nne, au nane, au kumi na mbili, tisa haikunjiki. Kupunguza herufi sikutaka, wazee wangesoma nini? Kukata wimbo sikuthubutu. Nikaangalia mstari wangu. Ulikuwa mistari mitatu! Nikafuta ualimu, nikafuta hazina, nikafuta ukatibu, nikabaki na jina tupu. Sala ikarudi ukurasa wa nane, nikabonyeza kuchapa.

Ijumaa saa tano na nusu niliweka boksi mezani Sirisia. Kaka akachukua nakala moja, akafungua ukurasa wetu, akautazama muda mrefu.

"Huyu wa kwanza..."

"Ndiye wa kwanza," nikasema.

Akafunga, akanipa mkono. "Wino umekolea, dada."

Jumamosi msomaji akaanza kutaja watoto. Nyumba ya kwanza walisimama mmoja mmoja, wakaketi. Akageukia nyumba yetu, akasoma jina la marehemu kaka yangu, polepole, kwenye kipaza sauti. Hakuna aliyesimama. Watu wakageuza shingo huku na huku, na msomaji akavuta pumzi ili apite kwenye jina langu.

Ndipo Mama, aliyekuwa amekaa kando ya jeneza tangu asubuhi, akasimama.