Vichupo Thelathini

Karani wa benki ya damu huizungumzisha kompyuta yake kama mtoto mvivu: "Haya mama, amka, watu wanatungoja." Zamani aliwatafuta wachangiaji mmoja mmoja, nakili namba, bandika, subiri, mpaka kifundo cha mkono kikavimba. Akakaa chini, akakiandikia kivinjari programu ya mistari sita: akinakili orodha na kubonyeza kitufe kimoja, rekodi ya kila namba hufunguka kwenye kichupo chake, ukurasa wake peke yake kwenye skrini. Siku ya kwanza alinakili mia nne kwa pupa, mashine ikagoma mpaka jioni. Sasa hazidishi thelathini.

Leo dirishani amesimama kaka wa mgonjwa, roho juu, kwa kuwa damu ya dadake ni adimu. Karani anabonyeza, vichupo vinajipanga, naye anavifunga kimoja kimoja. "Huyu kahama. Huyu alitoa juzi. Huyu mjamzito, Mungu amjalie." Kinabaki kimoja. Anapiga simu, na swali lake la kwanza ni lile lile la kila siku: "Umekula, mwanangu?" Anasikiliza, anatabasamu. "Basi maliza sahani, kisha uje."

Anakata simu, anamtazama kaka.

"Anakuja. Na wewe, umekula?"

Ndipo kaka anapokumbuka kuwa hajatia kitu kinywani tangu jana.