Vitatange wa Bi Harusi

Jirani yangu Bi Harusi alikuwa mtu wa Kigombe, kijiji cha wavuvi. Mimi Praxeda, au Mama Ernesti kama alivyoniita, ni mtu wa milimani, Lushoto, niliyemfuata mume kwenye mashamba ya mkonge na baadaye mjini, kwa hiyo msitegemee nieleze mambo ya bahari kwa ufundi. Haya niliyaona nyumbani kwake mtaa wa Usagara, mwaka wa 1956, na yalinikondesha utadhani samaki walikuwa wangu.

Mumewe, Bwana Marhun, alikuwa fundi wa vioo, vya makabati na vya picha. Bi Harusi hakuuzoea mji hata kidogo. Kutwa alilalamika kwamba haoni mwamba, haoni maji yakipwa. Marhun akachoka. Akaunga vioo kwa lami, akapata sanduku la kushika maji, akatia maji ya bahari, mchanga na matumbawe, na ndani yake vitatange wawili, wale samaki bapa wenye milia ya manjano.

"Kigombe yako hiyo hapo. Sasa nipumzishe," alimwambia mbele yangu, na tulicheka sana.

Mwezi haukuisha, Marhun akashikwa na homa, akafa.

Bi Harusi akakaa eda. Mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na zaidi, hajipambi, hatoki ila kwa dharura. Nilimwambia kwamba kwangu mimi Mkatoliki hiyo ni adhabu, naye akanikaripia vizuri, nikakoma. Alifunga madirisha ya chumba chake, akaacha moja tu la upande wa mashariki. Sanduku akalisogeza pale, jua liingie.

"Aliyefiwa ni mimi, Mama Ernesti," alisema. "Hawa wamefiwa na nani, hata niwakalishe gizani?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Jua lilipiga kioo kila asubuhi. Na waliokuja kumpa pole, kila mmoja alimega mkate akawatupia samaki, maana pwani huwezi kula na mwenzako anakutazama, hata kama mwenzako ni kitatange. Kwanza kioo kilishika vumbi la kahawia. Kisha mwani ukaota, kijani, mwembamba kama nywele, ukayavaa matumbawe na kupanda kioo mpaka samaki tukawa tunawatafuta kwa kuchungulia. Bi Harusi aliusugua kwa kumbi la nazi, vidole vikavimba. Kukicha umerudi.

Maji mapya nilimletea mimi, debe kichwani, kwa kuwa yeye hakuweza kutoka. Nikibisha hodi hata hanisalimu.

"Umeyachota mbali na mashua? Hayana mafuta? Hebu nionje."

Na kweli aliyaonja. Alikuwa amekonda, macho mekundu, akizunguka sanduku lile kutwa kucha. Siku moja alinishika mkono.

"Naogopa, shoga. Hawa wakifa, nitakuwa nimefiwa na Marhun mara mbili."

Na mimi niliogopa, ila kwa ukali wangu nilijifanya nimekasirika. Nikamwambia ninalolijua: kwetu birika la ng'ombe lililo juani huota kijani, lakini mtungi wa kivulini hauoti. Afunge dirisha, sanduku tulifunike shuka, na mkate ukome.

Alinitazama kama niliyemtukana.

"Mwaka huu n'shamfunika mmoja," alisema.

Nilichukua debe langu nikaenda nyumbani, nikamgombeza mume wangu bila kosa.

Kesho yake kitatange mmoja alikuwa anaogelea upande, kama mlevi. Bi Harusi mwenyewe akaniita, shuka mkononi. Tulifunga dirisha, tukalifunika sanduku pande zote. Wageni walikatazwa kutupa mkate, baadhi wakanuna. Yeye akakaa ubavuni mwa lile sanduku, sikio karibu na kioo.

"Wasikia chochote?" aliniuliza.

"Samaki hawana sauti, Bi Harusi."

"Marhun naye alinyamaza siku ile, nikadhani amelala."

Kila siku nilimzuia asifunue. Na kila siku nilijiuliza, je, nikiwa nimekosea? Nikiwa nimewaua mimi? Nilisali rozari kwa ajili ya samaki, jambo ambalo padri sikumwambia.

Tulipofunua, mwani ulikuwa umepauka. Ulibanduka kwa vidole kama utando wa uji. Maji yalikuwa yametakata, matumbawe yakaonekana. Kitatange mmoja alikuwa amelala mchangani, amekufa. Wa pili alikuwa akimzunguka, anamgusa kwa mdomo, anaondoka, anarudi.

Nilingoja kilio. Hakulia. Siku ya mazishi ya mumewe pia hakulia, watu wakamsema. Alinionyesha yule aliyebaki.

"Mpeleke Kigombe," alisema. "Mimi nina watu wa kuja kunitazama. Yeye hana."

Nilipanda lori la abiria na debe mapajani, maji yakinimwagikia kila shimo, na watu wananiuliza nimebeba nini. Sikumjibu mtu. Nilikuwa nachungulia tu kama bado anapumua. Kigombe maji yalikuwa yamekupwa. Niliingia hadi magotini, kwenye miamba, nikalilaza debe.

Niliporudi, Bi Harusi alikuwa amesimama nyuma ya mlango, ananingoja.

"Alikimbia?"

"Hakukimbia. Alizunguka miguu yangu. Nikamfukuza kwa mkono, akarudi. Nikamfukuza tena, ndipo akaenda."

Bi Harusi akaketi palepale sakafuni, akajifunika uso kwa kanga, akamlilia mumewe kwa sauti.